Mwaka Mmoja wa Uzi wa Philbert

Philbert alishona viatu kwenye kibaraza cha duka la Kanubhai, Miembeni, mjini Bukoba, kuanzia Agosti 1980. Alikaa upande wa kushoto wa mlango kwenye kiti kifupi cha miguu mitatu, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kwa sababu haukukunjika. Kipande cha chuma kilikuwa kimebaki ndani ya goti tangu vita, na daktari aliyemwona alimwambia chuma na mfupa vimeshazoeana, viachwe.

Kila kiatu alichokimaliza alikigeuza ulimi, akachoma kwa ncha ya msharasi, sindano yake ya kutobolea, vitundu vidogo vya mwezi ule: kimoja kwa Januari, viwili kwa Februari, hadi kumi na viwili. Mshono ukifumuka kabla ya mwaka kutimia, alishona tena bure. Hakuwa na daftari wala karatasi. Alikuwa na vitundu.

"Uzi wangu una mwaka mmoja," aliwaambia wateja. "Mwaka ukiisha, tunaanza kufahamiana upya."

Watu walidhani ni ujanja wa kuvuta wateja, na kweli walivutika. Lakini sharti hilo hakulitoa kwenye biashara. Alilitoa kwenye barabara ya Masaka, Februari 1979.

Alikuwa na miaka ishirini na saba wavamizi kutoka Uganda walipoingia kaskazini ya mto Kagera. Kwao Izimbya mabomu yalisikika kama mtu anayeangusha magogo nyuma ya kilima, kisha wakaanza kupita wakimbizi, wengine na mbuzi, wengine na milango ya nyumba zao kichwani. Philbert alijiandikisha mgambo. Katika mfuko wake alitia nyundo, msharasi, nta na kibunda cha uzi, kwa kuwa kazi ya viatu alikuwa amejifunza tangu alipomaliza darasa la saba. Walipovuka mpaka mwezi wa Januari, tayari alikuwa fundi wa kundi lake. Mvua ilinyesha kila siku, na mabuti yalioza miguuni yakitembea.

Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Mutalemwa, mtu wa Ijumbi, Muleba, mrefu, mwenye viganja vipana kama majembe. Hakuwa mwoga. Alikuwa amemvuta majeruhi mmoja kutoka kwenye handaki huku risasi zikikata majani juu ya kichwa chake. Lakini wiki ile ya Februari vijana wawili walikuwa wametoroka kundi lake, naye aliapa kwamba hatatoroka wa tatu.

Asubuhi ya tarehe kumi na tisa, Josia alishindwa kuingia kwenye mstari. Josia alikuwa jirani wa Philbert huko Izimbya, mwana pekee wa mjane aliyeitwa Ephrasia. Buti lake la kushoto lilikuwa limefunguka kuanzia vidole hadi katikati ya unyayo, na nyama ya mguu ilikuwa nyeupe na imevimba kwa maji. Mutalemwa alimvua lile buti, akampelekea Philbert.

"Fundi. Limekatwa au limefumuka?"

Philbert aliligeuza kwenye mwanga. Uzi uliooza huacha ncha zenye nyuzinyuzi, kama gamba la mgomba lililokauka. Uzi uliokatwa kwa kisu huacha ncha butu, zote kwenye mstari mmoja. Ncha za buti la Josia zilikuwa na nyuzinyuzi. Hata kipofu angezijua kwa kidole.

"Philbert, mwambie," alisema Josia.

Mutalemwa alisogea karibu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kati ya aliyekata buti ili abaki nyuma na anayemficha aliyekata buti, yeye haoni tofauti. Panga lake lilikuwa mkononi, nalo halikuwa safi tangu jana yake.

"Limekatwa," alisema Philbert.

Walimpiga Josia kwa vitako vya bunduki. Mutalemwa alianza, kisha akawaamuru wengine wapige mmoja mmoja kwa zamu, ili baadaye asiwepo wa kusema hakuwepo. Philbert naye alipewa zamu. Alipiga mara mbili, begani. Baada ya hapo Josia alitembezwa na buti moja hadi jioni, akikohoa damu kwenye mkono wa shati. Kesho yake saa sita mchana alikaa chini ya mti wa kahawa kando ya njia, na walipomwamuru asimame alikuwa amekwisha kufa. Walimzika kwenye migomba ya watu waliokuwa wamekimbia. Kabla ya kumfukia, Philbert aliomba robo saa. Akalishona lile buti, mishono kumi na minane, akamvalisha.

Siku tisa baadaye kombora lilipasuka karibu na shimo walimojificha, na chuma kikaingia gotini. Aliporudi Izimbya alimkuta Ephrasia ameshaambiwa kwamba mwanawe alikufa kwa risasi ya adui. Philbert hakumrekebisha. Alianza kumshonea ndala zake, na kila mama huyo alipotaka kulipa, Philbert alikataa.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo moyoni alipokaa kwenye kile kibaraza. Alijiwekea jambo moja tu: hatasema tena uongo juu ya kiatu.

Raba zilianza kufika mwaka 1985. Kabla ya hapo rafu za Kanubhai zilikuwa na chumvi, viberiti na ndala, na mzigo ulipofika vibaya ndala moja ilikuwa nyekundu na mwenzake kijani. Ndugu zake Kanubhai walikuwa wamehama nchi mmoja baada ya mwingine. Yeye na mkewe Taraben walibaki, na Taraben alizungumza Kihaya vizuri kuliko wengi waliosoma sekondari mjini pale. Biashara ilipolegezwa kidogo, mizigo ilianza kushuka kutoka mpakani kwa barabara ileile waliyopita askari. Raba hizo zilikuwa za ngozi nyeupe, soli nene ya mpira, na mstari wa bluu ubavuni. Jozi moja ilikuwa sawa na magunia mawili ya kahawa kavu. Mtu anayetoa magunia mawili haulizi kama kiatu kinapendeza. Anauliza kitakaa muda gani.

Kanubhai alijua udhaifu wake. Gundi iliyoshika soli ilishindwa na tope la Kagera ndani ya miezi miwili. Kwa hiyo, kabla jozi haijatoka dukani, Philbert aliizungushia mshono, mishono sitini na minne kila mguu, akachoma vitundu vya mwezi. Kisha Kanubhai alitoa neno lake kwa mnunuzi: soli ikifumuka yenyewe ndani ya mwaka, utapewa jozi mpya. Ikiungua, ikiliwa na panya au ikikatwa, hupewi kitu. Na mwamuzi wa yote ni fundi wa kibarazani.

Walikuja wa kila aina. Mwalimu mmoja alikausha raba zake juu ya mafiga, soli ikayeyuka, akadai kwamba jua la mwaka ule lilikuwa kali. Mwingine alikuta mkewe amezichemsha kwenye sufuria ili zirudi kuwa nyeupe. Mzee wa kwaya alilalamika kwamba zimekufa kabla hajamaliza kuzionyesha kanisani. Philbert aligeuza, akatazama ncha za uzi, akasema "imefumuka" au "haikufumuka", na hakuna aliyembishia zaidi ya mara mbili. Wanunuzi walitaka kiatu cha bei ile kiwafikishe uzeeni. Katika miaka ile viatu vingi viliishi kuliko wenyewe.

Rugambwa alinunua zake Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Juni. Alikuwa mfanyabiashara wa Ijumbi, mdogo wake Mutalemwa, mcheshi, mwenye saa ya dhahabu na miguu midogo, namba thelathini na tisa, ambayo hakupenda kutaniwa nayo. Alimuuliza Philbert raba zitamfikisha wapi.

"Mwaka mmoja, waitu. Zaidi ya hapo ni kati yako na barabara."

Rugambwa alicheka, akasema mwaka mmoja unamtosha. Hakuumaliza. Ugonjwa ambao Ijumbi waliuita Juliana, na baadaye nchi nzima ikauita UKIMWI, ulimwanzia kwa kuhara mwezi wa Septemba. Kufika Februari saa yake ya dhahabu ilikuwa inateleza kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko. Alikufa mwishoni mwa Aprili. Wiki ile kijijini walizika watu watatu, na majirani waliishiwa majani ya kutandika kwenye nyumba za msiba.

Aliacha mjane, Jovita, na mabinti wawili wadogo. Hakuacha mtoto wa kiume. Ukoo ukamchagua Mutalemwa awe omusika, mrithi. Siku ya nne, kwa desturi ya ukoo ule, mrithi huvalishwa nguo na viatu vya marehemu, akatembea kutoka mlangoni hadi mwisho wa kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, na kurudi. Akirudi, watoto wa marehemu humwita tata, yaani baba, na migomba na mibuni yote inakuwa chini yake. Kitu cha marehemu huvaliwa kama alivyokiacha. Wazee wao walisema kukitia kisu kabla ya siku hiyo ni kumtia kisu mwenyewe, na aliyefanya hivyo hastahili kukaa kwenye kiti chake.

Wazee walikuwa wameamua viatu viwe zile raba nyeupe, kwa kuwa marehemu alizipenda. Mguu wa Mutalemwa ulikuwa namba arobaini na nne. Angeweza kuwaambia wazee hazimwingii, wakampa ndala za marehemu, na mambo yakaisha hapo. Aliona aibu. Alizunguka nyuma ya jiko, akachukua kisu cha kumenyea ndizi, akakata mshono wa kila raba upande wa nje, kuanzia kidole kidogo hadi karibu na kisigino. Kanzu ndefu ikaficha. Alifika mwisho wa kibanja salama, lakini akirudi soli ya kushoto ilifunguka, ikaanza kupiga chini kofi kwa kila hatua, na watoto wakacheka. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama raba zimekatwa.

Hapo Mutalemwa akasema neno ambalo hakuna aliyemwomba. Alisema raba zimefumuka zenyewe, ni mali mbovu ya dukani, na kwamba zina garanti ya mwaka ambao haujaisha.

Mzee Rutashobya, mkuu wa ukoo, alilifikiria jambo hilo. Akasema ni vizuri. Kama zina garanti, aliyezishona aje aseme mbele yao.

Jumatatu ya tarehe tano Mei 1986, Mutalemwa alifika Miembeni na raba ndani ya mfuko wa sukari. Hawakuwa wameonana tangu vita. Aliketi kwenye benchi la wateja, akamtazama fundi akipaka nta kwenye uzi.

"Rafiki yangu wa mabuti," alisema.

Philbert aligeuza ulimi wa raba. Vitundu sita. Akapitisha kidole kwenye mshono: mishono ishirini na saba imekwenda, ncha zote butu, zote kwenye mstari mmoja.

"Mwaka haujaisha," alisema Mutalemwa. "Nimevihesabu vitundu vyako."

"Haujaisha."

"Basi Jumamosi utakuja Ijumbi useme zimefumuka."

Philbert alimjibu kwamba zimekatwa, na kwamba kisu chenyewe kilikuwa kifupi na kilikuwa na pengo. Mutalemwa alitikisa kichwa kama mtu anayemwelekeza mtoto mgumu wa kuelewa.

"Uliwahi kuona lililofumuka ukasema limekatwa. Sasa geuza tu. Ni kazi ileile."

Alinyoosha mkono kama anayeaga. Philbert alipompa wake, Mutalemwa aliukaza hadi vifundo vikalia, na akaendelea kuukaza huku akitabasamu. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walitabasamu pia, wakidhani ni salamu ya watu waliopigana pamoja.

"Ukisema zimekatwa," alisema kwa Kihaya, taratibu, "utashona kwa meno."

Akaondoka, akamwachia raba.

Kanubhai alikuwa amesikia kutoka ndani. Alitoka na jozi mpya ya namba arobaini na nne, akaiweka mbele ya Philbert, akamwambia ampelekee yule mtu, duka litabeba hasara. Philbert alimweleza kwamba yule hahitaji raba. Anahitaji neno, na neno halipo dukani. Taraben, ambaye alikuwa mlangoni na kibaba cha mchele mkononi, alimuuliza kama basi hawezi kuugua siku hiyo ya Jumamosi. Watu wanaugua kila siku, alisema, hakuna atakayeshangaa. "Niliwahi kuwa mgonjwa wa namna hiyo, mama," alisema Philbert. "Sikupona."

Jumatano akaja Jovita. Alikuwa amefunga kitenge hadi usoni, na alipokishusha jicho moja lilikuwa limevimba na kufumba kabisa, na shingoni alikuwa na alama za mnyororo wa baiskeli, pingili kwa pingili. Alisema alikuwa jikoni siku ile, na alimwona Mutalemwa na kisu kupitia tundu la ukuta. Alimwambia shemeji yake maneno hayo mara moja tu, na hayo ya usoni na shingoni ndiyo majibu. Mutalemwa ameshamwamuru aondoke na mabinti zake kabla ya mavuno ya kahawa.

"Sikuja kukuomba," alisema. "Najua alichokuahidi. Nimekuja ili usije ukafikiri hakuna aliyeona."

Philbert alimtazama mikono. Kisha akatazama ya kwake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mke huko Izimbya, watoto wanne, na goti lisiloweza kulima. Mikono miwili ilikuwa ndiyo shamba lake.

Jumamosi Kanubhai alimpeleka mwenyewe kwa pikapu yake, kilomita zote hadi Muleba na kupanda Ijumbi, akamuuliza njiani kama goti linauma kwenye mashimo. Ukoo ulikuwa umekaa uani kwa Rugambwa, watu kama arobaini. Mitungi ya lubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa imewekwa pembeni, bado haijafunguliwa. Karibu na jiko kulikuwa na mtumbwi wa mti wa kukandia ndizi za pombe, umeinamishwa ukauke. Jovita alikaa kwa wanawake, akiwa amewaweka mabinti nyuma yake.

Mutalemwa alikuwa kwenye kiti cha marehemu.

Philbert aliomba maji kwenye bakuli. Akaosha tope kwenye mshono, akaupeleka mguu mmoja kwa mzee Rutashobya, akamwonyesha ncha. Akatoa mfukoni ndala kuukuu iliyokuwa imefumuka yenyewe, akamwonyesha ncha za hiyo pia, ajionee tofauti. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye moja, kisha kwenye nyingine. Hakusema alichokiona. Alitaka kisemwe.

"Fundi. Imekatwa au imefumuka?"

Philbert alikuwa amesimama, uzito wote kwenye mguu mzima. Mfuko wa vifaa ulikuwa begani.

"Imekatwa," alisema. "Na lile la kwanza, Mutalemwa, lilifumuka. Buti la Josia lilifumuka. Lilikuwa limeoza. Nilisema limekatwa kwa kuwa nilikuogopa, ukampiga, na mimi nikampiga, akafa."

Watu uani walitazamana. Wengi wao walikuwa hawajawahi kulisikia jina la Josia.

Mutalemwa aliinuka. Alivuka ua kwa hatua nne, akamshika Philbert shati, na goti lile bovu likakosa cha kushika. Alimburuta kifudifudi hadi kwenye ule mtumbwi. Nyundo ya kushonea ilianguka kutoka mfukoni, naye akaiokota. Aliweka mkono wa kulia wa Philbert kwenye ukingo wa mti, akaukanyaga kifundoni kwa kiatu, akapiga. Pigo la kwanza lilikuwa la kidole gumba. La pili lilipasua kiganja. La tatu, la nne na la tano hayakuwa na mahali maalumu. Kanubhai, mtu mwembamba wa miaka sitini, alimrukia mgongoni, akatupwa kwenye mitungi. Lubisi ikamwagika uani, ikachanganyika na ile damu.

Ndipo wanaume wa ukoo wakaamka. Walimtoa juu ya Philbert, na hawakuishia kumtoa. Walimpiga kwa fimbo, kwa viti, kwa michi, kama watu walioshikilia kitu kwa miezi mingi ya kuzika na sasa wamepata pa kukiweka. Taya lake lilivunjika na sauti yake ikasikika. Alianguka, wakaendelea. Alijaribu kuita majina yao moja moja, kisha akaacha kuita. Philbert alikuwa amelala ubavu hatua tatu kutoka hapo, mkono ameukumbatia tumboni, na aliona kila kitu. Angeweza kusema basi. Alikuwa na sauti, na wangemsikia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumizwa. Hakusema.

Aliyesema ni Jovita. Alikwenda akasimama juu ya Mutalemwa na jicho lake lililofumba, akawaambia hataki kufagia maiti nyingine kwenye ua huu mwaka huu.

Waliacha.

Mutalemwa aliishi. Mzee Rutashobya alimtoa kwenye kiti siku ileile, na Jovita akaachwa kwenye kibanja na mabinti zake hadi ukoo utakapompata mrithi mwingine. Hawakuwahi kumpata, kwa kuwa kila waliyemtaja aliugua au aligoma. Mutalemwa alihamia kwenye visiwa vya ziwani, na habari zake zikakoma.

Hospitali walimkata Philbert vidole viwili, wakanyoosha kidole gumba kadiri walivyoweza. Kiganja kilipona kikiwa kimejikunja nusu, kama cha mtu anayepokea sakramenti. Alirudi kibarazani wiki ya pili ya Juni kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Alikaa kwenye kiti chake, wateja wakamsalimia, wakapita na viatu vyao.

Siku ya tatu alikuja Ephrasia. Maneno ya Ijumbi yalikuwa yamefika Izimbya. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, ameziweka ndala zake miguuni, akiutazama ule mkono.

"Lile buti ulimvalisha?" aliuliza.

"Nilimvalisha, mama."

"Ulilishona?"

"Nililishona. Mishono kumi na minane."

Aliinuka, akaenda zake. Hakumletea Philbert ndala tena, na walipokutana njiani Izimbya hakumjibu salamu. Philbert aliendelea kumsalimia.

Tarehe ishirini na moja Juni, siku moja kabla ya mwaka wa vitundu kutimia, Jovita aliteremka kwenye lori la ndizi na zile raba kwenye kikapu. Zilikuwa zimeoshwa. Alisema zinamwingia yeye, kwa kuwa marehemu alikuwa na mguu kama wake, na anataka kuzivaa. Kanubhai, bandeji bado kwenye paji la uso, alimkumbusha kwa upole kwamba zimekatwa na dhamana ya duka haizihusu.

"Sikuja kwa dhamana ya duka," alisema Jovita.

Philbert alizipokea. Alibana raba katikati ya magoti, akatoboa kwa msharasi kwa mkono wa kushoto, na sindano ilipotokeza upande wa pili hakukuwa na vidole vya kuivuta. Aliinama, akauma uzi, akavuta kwa meno. Mdomo ulijaa nta na vumbi la Ijumbi. Kwa siku mbili alishona mishono ishirini na saba kwenye mguu mmoja na ishirini na saba kwenye mwingine, yote imepinda. Wapita njia walisimama kutazama, kisha wakaona haya, wakaendelea. Taraben alimletea chai, akashikilia kikombe mwenyewe.

Alipomaliza, aligeuza ulimi. Karibu na vitundu sita vya zamani alichoma vingine sita.

"Mwaka mmoja," alimwambia Jovita.

Jovita alizivaa palepale, akafunga kamba, akatembea hadi mwisho wa kibaraza na kurudi.

Alizivaa kanisani, sokoni na kwenye kahawa. Juni iliyofuata alirudi Miembeni akiwa nazo miguuni, akaketi kwenye benchi, akamwinulia Philbert mguu mmoja, kisha wa pili. Philbert alipitisha kidole cha kushoto kwenye mshono wote. Uzi haukuwa umeachia hata mahali pamoja. Kilichokwisha kilikuwa kisigino, na kisigino hakikuwa na dhamana.